Gari ya kabureta ikigoma kuwaka asubuhi ya baridi: anza na choki, na uanze kabla hujagusa funguo

Mwezi wa saba huku Ngaramtoni, Arusha, ukitoka nje saa 12 asubuhi unakuta kioo cha gari kimelowa kama kimemwagiwa maji, ukungu umekaa mpaka kwenye migomba, na ndo saa hiyohiyo gari ya kizee inachagua kukuaibisha. Unapiga staata, ngwe ngwe ngwe, kimya. Unapiga tena. Jirani anachungulia dirishani, watoto wa shule wanapita wanakuangalia, na we unajifanya unatafuta kitu kwenye boneti.

Mi nna Corolla KE70, injini 4K, choki ya kuvuta kwa mkono, na nimehangaika nayo misimu miwili ya baridi kabla sijaelewa jambo moja ambalo fundi hakuniambia, na simlaumu sana maana yeye hawezi kuliona. Ugonjwa wa choki unaonekana gari ikiwa imelala usiku kucha tu. Sa fikiria, gari imegoma saa 12, umeisukuma na vijana wa boda mpaka ikashika, umeshuka nayo hadi Unga Limited, unafika gereji saa 3 injini ina moto, fundi anafungua boneti anapiga staata inashika hapohapo. Atafanya nini? Atachukua bisibisi azungushe skrubu za kabureta (kile kidude kinachochanganya petroli na hewa), apandishe silensa (mwendo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta), akwambie badili plagi, na kesho asubuhi uko palepale, tofauti ni kwamba sasa na kabureta nayo imeshavurugwa. Kwaiyo uchunguzi ni wako, nyumbani kwako, alfajiri. Fundi mpelekee jibu.

Kwanza tuelewane hii choki inafanya nini. Petroli ikiwa ya baridi haigeuki mvuke vizuri, inabaki matonematone na mengine yanagandia kwenye kuta za manifodi (bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye silinda), kinachofika kwenye silinda ni hewa nyingi na mafuta kidogo, cheche inapiga lakini hamna cha kuwasha. Sasa juu kwenye koo la kabureta kuna kibati cha mviringo kimekaa kwenye kiekseli chembamba, hicho ndo choki yenyewe. Kikifunga, hewa inabanwa, injini ikivuta inavuta mafuta mengi zaidi. Na hakifanyi kazi peke yake, kuna kamu ndogo (kipande kinachosukuma kimkono cha mafuta) pembeni inayopandisha silensa injini ikiwa ya baridi, na kwenye kabureta nyingi kuna kidude cha vakyumu (kinachotumia mvuto wa hewa wa injini) chenye mpira mwembamba kinachofungua kibati kidogo tu pale injini inaposhika ili isizame kwenye mafuta. Vitu vitatu hivyo. Watu wengi wanajua cha kwanza tu.

Kuna kitu kingine cha huku kwetu. Arusha mjini ni kama mita 1400 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi, pungufu kama asilimia 15 hivi ukilinganisha na Dar. Kabureta yenyewe haijui imepanda mlima, inaendelea kumwaga mafuta karibu yaleyale, kwaiyo gari iliyotuniwa Dar ikija huku tayari mchanganyiko wake una mafuta mengi kidogo, na inazama haraka ukivuta choki yote ukapiga staata muda mrefu. Mwezi wa kwanza mimi navuta nusu tu. Mwezi wa sita mpaka wa nane asubuhi ikishuka nyuzi 12, 13, navuta yote. Ndugu zetu wa Moshi mjini wao wako chini zaidi na joto lipo, mtu anaweza kukaa mwaka mzima hajui choki yake imeshakufa, mpaka Desemba anapopanda Marangu au Kibosho kwa wazazi, analala huko, asubuhi gari inagoma mbele ya ukoo mzima.

Sasa kazi. Usiku kabla ya siku hiyo weka tayari tochi, bisibisi ya bapa na ya nyota, plaizi, spana namba 8, 10 na 12, mswaki wa zamani, kopo la dawa ya kusafishia kabureta (maduka ya spea yanauza, usinunue ile isiyo na lebo), testa ya taa au mita, na kitambaa kisafi. Na ndoo ya mchanga pembeni, sio utani, maana tunafungua mdomo wa kabureta na petroli iko wazi. Sigara hapana. Gari iwe nje au mlango wa banda uko wazi kabisa, moshi wa eksozi unaua kimyakimya, breki ya mkono imevutwa, gia iko fri. Na kama umejifunga kitenge au shuka la baridi, livue kabla hujainama karibu na feni.

Usiwashe. Usikanyage mafuta hata kidogo. Fungua nati ya juu ya ea klina, toa kifuniko, toa ea klina yenyewe kama inaziba. Ile nati ya kipepeo iweke mfukoni mara moja, ikidondoka kwenye koo la kabureta leo hauendi kazini. Mulika tochi ndani. Kama choki yako ni ya kuvuta, mwambie mtu akae ndani ya gari avute kitasa taratibu mpaka mwisho huku we unaangalia. Kibati kinatakiwa kifunge koo lote, kibaki uwazi kama unywele tu. Akirudisha kitasa ndani, kibati kisimame wima kabisa. Kama ni ya kujiendesha yenyewe, hapo kibati kinaweza kuwa hakijafunga bado na hilo sio kosa, kanyaga mafuta mara moja mpaka chini uachie taratibu, ndo kinajiachia na kufunga.

Ulichokiona hapo ndo nusu ya jibu.

Kama kitasa kinavutwa na kibati hakitingishiki au kinaishia katikati, tatizo ni kebo au kibati kinanata. Jitenganishie: sukuma kile kimkono cha choki kwa kidole pale kwenye kabureta. Kikienda kilaini mpaka kufunga, kabureta ni nzima, kebo ndo mgonjwa. Kikigoma au kikienda kwa kukwaruza, acha kebo, safisha.

Kebo ina waya mmoja mgumu ndani na gamba la nje. Kosa ninaloliona mara nyingi wala sio waya kukatika, ni kile kibanio kinachoshika gamba pale kwenye kabureta kimelegea, kwaiyo ukivuta kitasa gamba zima linasogea na waya haufanyi kitu. Ukiwa ndani ya gari kitasa kinakuja vizuri kabisa mkononi, unaapa choki imevutwa. Dawa yake sukuma kitasa ndani mpaka mwisho, kirudishe nje milimita 2 au 3 hivi ili kibaki kilegevu kidogo, shika kibati kikiwa wima, kaza skrubu ya waya, kaza kibanio cha gamba, halafu jaribu kuvuta na kurudisha mara tatu nne. Ule ulegevu wa milimita 2 una maana yake, bila huo kibati hakifunguki chote na unatembea na choki nusu siku nzima huku unashangaa mafuta yanaisha.

Waya ukikatika kuna mtindo wa kuweka waya wa klachi ya bodaboda. Unafanya kazi, nimeuona kwenye gari za watu, ila ujue waya wa boda ni wa nyuzi zilizosokotwa, unaweza kuvuta lakini hauwezi kusukuma. Choki ya kuvuta inategemea waya mgumu uweze kusukuma kibati kirudi kufunguka. Ukiweka wa boda bila springi ya kurudisha, choki itafunga vizuri asubuhi na itabaki imefunga hadi Usa River. Weka springi, au tafuta kebo yenyewe.

Kibati kinachonata ni uchafu. Vumbi la huku kiangazi tunalijua, lile jekundu linaloingia mpaka kwenye kabati la nguo, linachanganyika na mvuke wa oili unaotoka injini na linakuwa kama gundi kwenye kile kiekseli. Puliza dawa pande zote mbili za kiekseli, sugua kwa mswaki, chezesha kimkono kwa kidole, puliza tena, mpaka kidondoke chenyewe bila kusukumwa. Usipake oili wala grisi. Najua mkono unawasha kupaka, ila oili inaita vumbi na baada ya wiki tatu umerudi ulipoanzia. Ukiwa na kiu ya kulainisha, dawa ileile ya kabureta inatosha, pakauke.

Hapa naomba nitoe dukuduku. Kuna siku niliangalia ndani ya kabureta yangu kwa tochi nikakuta hamna kibati kabisa. Kiekseli kipo, matundu mawili ya skrubu yapo, kibati hakipo. Fundi mmoja kabla yangu au wakati wangu, sijui, alikitoa ili gari "isisumbue", afu akafunga kila kitu kama kilivyokuwa, na kitasa kwenye dashibodi kinavutika vizuri tu. Nimevuta kitasa kisicho na kazi mwaka na zaidi. Na wapo wanaokifunga kwa waya wa bainding kikae wazi daima, wanakwambia gari za huku hazihitaji choki, we pampu tu mafuta mara tano. Kupampu kunasaidia kwasababu kuna pampu ndogo ndani ya kabureta inayorusha mafuta ukikanyaga, lakini yale ni mafuta yaliyorushwa kama matone, mengine yanateremka kwenye silinda yanaosha oili kwenye kuta, na ukizidisha plagi zinalowa. Kwaiyo kabla ya yote hakikisha kibati kipo. Nilipata kingine kwenye kabureta mbovu ya mitumba, na skrubu zake ndogo inabidi zikazwe afu ncha zake zigongwe kidogo kwa nyuma zisifunguke, maana skrubu ile ikilegea inaingia kwenye silinda na hapo sio habari za choki tena.

Tuje kwenye choki za kujiendesha zenyewe, ambazo shemeji yangu anazichukia kwa moyo wote. Pembeni ya kabureta kuna kifuniko cha mviringo kama kopo la rangi ya kiatu, ndani yake kuna springi iliyozungushwa ya metali mbili. Ikiwa ya baridi inajikaza na kufunga kibati, ikipata joto inalegea na kibati kinafunguka. Joto linatoka kwenye umeme, kama Volkswagen Beetle nyingi, au kwenye maji ya injini.

Ya umeme pima hivi. Gari ikiwa ya baridi, kibati kimefunga, washa injini kwa namna yoyote, afu weka testa kwenye waya unaoingia kwenye kile kifuniko. Taa iwake, au mita isome volti 12 na zaidi. Nimesema injini iwe inaunguruma kwasababu gari nyingine zinapeleka umeme hapo altaneta ikishaanza kuchaji tu, ukipima na funguo imewashwa peke yake hupati kitu unaanza kukata waya zisizo na kosa. Umeme ukiwepo, ndani ya dakika 3 mpaka 5 kifuniko kiwe na uvuguvugu ukikigusa na kibati kiwe kinafunguka polepole. Umeme upo na hakipati moto, waya wake wa kupashia joto ndani umekufa au hakina athi. Umeme haupo, fuata fyuzi na waya. Usichukue umeme kutoka kwenye koili (ile inayotengeneza umeme wa cheche), jamani. Naona sana. Koili nyingi za zamani hazipati volti 12 kamili na unachokifanya ni kuiba umeme wa cheche upeleke kwenye choki, unaponya kidole unaumiza mkono.

Na kuna lile la shemeji. Gari yake choki inapata umeme moja kwa moja ukiweka funguo on. Asubuhi anakaa ndani, anaweka on, anasikiliza taarifa ya habari dakika tano huku anasubiri watoto, halafu ndo anapiga staata, haiwaki. Choki ilishapata moto ikafunguka yenyewe injini bado ya baridi! Hakuna kilichoharibika. Siku hizi anasikilizia habari kwenye simu.

Ile ya maji inaharibiwa na kitu ambacho hakihusiani na kabureta. Huku kwetu fundi akiona gari inapata moto kitu cha kwanza anatoa thamostati (kile kilango kinachozuia maji mpaka injini ipate joto) anaitupa. Injini bila thamostati asubuhi ya Julai inachukua muda mrefu kupata joto lake, choki inachelewa kufunguka, unateremka mpaka Sakina bado unatoa moshi mweusi. Unaanza kulaumu choki. Maji yakipungua kwenye rejeta, au upepo ukinasa kwenye mpira unaopeleka maji kwenye choki, ni hivohivo. Rudisha thamostati kwanza.

Kama kifuniko kina skrubu tatu na alama za mistari, ujue kile kinazungushwa kurekebisha nguvu ya springi. Weka alama yako kwa msumari kabla hujalegeza, zungusha mstari mmoja tu, subiri kesho asubuhi, angalia. Mstari mmoja, asubuhi moja. Mtu anayezungusha mistari minne kwa hasira hawezi kujua kilichomsaidia, na kurudi hajui pa kurudi.

Sasa tuseme kibati kinafunga vizuri na bado gari inasumbua. Hapa sikiliza inasumbua vipi.

Inashika vizuri, sekunde mbili tatu, halafu inazima kwa kukabwa na moshi mweusi unatoka: huo ni ule mpira wa vakyumu umetoboka, kibati hakifunguki kidogo injini ikishashika. Kupima ni rahisi mpaka unacheka. Chomoa hozi yake nyembamba pale kwenye manifodi, nyonya kwa mdomo, ziba na ulimi. Kimkono kinatakiwa kivutike na kibaki hapo, kibati kifunguke kama milimita 2 mpaka 4, kipimo kamili kila gari ina chake. Ukinyonya hewa inaendelea kuja, mpira umetoboka au hozi imepasuka. Anza na hozi, ni ya bei ndogo na inapasuka pale mwishoni inapochomekwa, kata sentimita moja chomeka tena.

Inashika ukiwa umekanyaga mafuta, ukiachia inakufa: hiyo ni silensa ya baridi. Choki ikifunga, ile kamu inatakiwa isukume kimkono cha mafuta kidogo ili injini izunguke juu, mizunguko kama 1500 mpaka 2000 na zaidi kidogo kwa dakika kutegemea gari. Kuna skrubu yake peke yake inayogusa kamu, tofauti na skrubu ya silensa ya kawaida. Hii ndo fundi wa saa 3 haioni, anapandisha silensa ya kawaida, gari inapona asubuhi lakini mchana inaunguruma kwenye foleni ya soko la Kilombero kama inataka kuruka. Geuza ile ya kamu, robo mzunguko, na injini ikipata moto hakikisha skrubu haiigusi tena kamu.

Inashika wakati staata inazunguka tu, ukiachia funguo irudi on inazima papohapo kama imekatwa na kisu: acha choki kabisa, hiyo ni umeme. Gari nyingi za zamani koili inapata umeme kupitia rizista (kidude cha kupunguza umeme), na wakati wa staata umeme unaipita pembeni. Rizista ikikatika, unapata cheche kwenye staata peke yake. Nimewahi kusafisha kabureta nzima kwa kosa hili. Jumapili nzima.

Haikohoi hata kidogo. Toa plagi moja. Kavu na haina harufu ya petroli, mafuta hayafiki. Mulika kwenye koo, kanyagisha mtu mafuta, unatakiwa uone kamshale ka petroli kanaruka. Hakuna kitu? Bakuli la kabureta liko tupu, gari iliyokaa siku nne tano petroli inakauka humo na pampu ya kizamani inayoendeshwa na injini lazima uzungushe staata kwanza ijaze. Land Rover za Series zina kimkono chini ya pampu cha kupampu kwa mkono, baba mkubwa Monduli hapigi staata kabla hajakipampu mara kumi na kitu, na ile 109 yake inashika mara ya kwanza, wazee walijua. Nyinginezo, piga staata sekunde 10, pumzisha nusu dakika, rudia. Usiunguze staata.

Plagi imelowa na inanuka, umeizamisha. Rudisha choki ndani yote, kanyaga mafuta mpaka chini na ushikilie hapo, usipampu, piga staata. Koo likiwa wazi lote hewa inapita kwa wingi na inakausha. Itakohoa, itatoa moshi, itashika. Ikizama kila siku hata ukivuta choki kidogo, nenda kaangalie floti (boya la ndani ya bakuli la kabureta) na nido yake (sindano inayoziba mafuta), mafuta yanapita yenyewe.

Plagi iko sawa, mafuta yapo, choki inafunga, basi angalia platini (swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili cheche ipige), kondensa yake, na betri. Kwenye 4K uwazi wa platini ni milimita 0.45 na wa plagi 0.8. Betri iliyolala ikisoma chini ya volti 12.4 asubuhi, staata inaila yote na koili inabaki na njaa, ukisukuma gari inashika na unadhani ni kabureta.

Njia ya haraka ya kuthibitisha kama ni choki au sio choki, ukiwa umechelewa na huna muda wa haya yote: injini ikiwa haizunguki, funga kibati kwa mkono, kishikilie kwa mpira wa kufungia hela kwenye kimkono chake cha nje, ondoa mikono na uso, mwambie mtu apige staata. Ikishika mara moja, mgonjwa umempata, ni kebo au springi. Toa mpira mara tu inaposhika. Usizibe koo kwa kiganja, wala usiweke kitambaa, kinanyonywa. Na ule mtindo wa kumimina petroli kwa kifuniko cha chupa moja kwa moja kwenye koo mi niliuacha siku niliyoona kabureta inapiga chafya ya moto na chupa iko mkononi mwa mtu. Alinyoa nyusi bila kinyozi.

Kuna ugonjwa mmoja wa mwisho unaofanana na choki. Gari inawaka vizuri, unatoka, unaenda kilomita tatu nne kwenye ukungu, inaanza kukosa nguvu, inazima. Unasimama pembeni dakika kumi unapiga simu, unajaribu, inawaka kama hakuna kilichotokea. Hiyo ni barafu. Ndiyo, barafu, Arusha. Petroli ikigeuka mvuke inachukua joto, koo la kabureta linapoa sana, na hewa yenye unyevu mwingi inaganda humo hata kama nje ni nyuzi 10 na kitu. Ukisimama, joto la injini linaiyeyusha, ushahidi umepotea. Angalia ule mpira mpana unaotoa hewa ya moto juu ya eksozi kupeleka kwenye mdomo wa ea klina, mara nyingi umechanika au ulitupwa zamani. Urudishe, na kama ea klina ina kile kibati cha kuchagua baridi na joto, kiweke kwenye joto mpaka mwezi wa tisa.

Ukishamaliza, futa ndani ya ea klina, rudisha na mpira wake wa chini usijikunje, kaza nati kwa vidole. Kesho yake choki ya kuvuta iwashe hivi: vuta yote kama ni baridi kweli, usikanyage mafuta, piga staata. Ikishashika hesabu mpaka kumi, rudisha nusu, na kilomita ya kwanza ikiisha iwe ndani yote. Ya kujiendesha, kanyaga mara moja achia, piga staata bila kugusa mafuta. Ukisahau choki nje kwa wiki nzima, chomoa dipstiki unuse oili, ikinuka petroli mwaga uweke mpya.

Ya kwangu kitasa kilikuwa na tabia ya kurudi ndani chenyewe kabla injini haijatulia, kimechakaa. Nimekibana na kibanio cha nguo pale shingoni, kinakaa vizuri kabisa. Mke wangu anajua kamba ya nguo ina vibanio kumi na moja na anajua vilinunuliwa kumi na mbili, bado anauliza watoto.